Katuni ndefu za mtandaoni: pa kuanzia, na namna ya kusoma kwa bando dogo

Maswali ni yale yale. Hivi ni bure kweli? Naanzia wapi maana naona peji elfu na kitu? Zinakula MB kiasi gani? Na za Kiswahili hakuna? Mtu anakuuliza yote hayo kwenye daladala ya Nyegezi hapa Mwanza iliyojaa mpaka mlangoni, hujafika hata nusu ya jibu yeye huyo anashuka Mkuyuni. Kwa hiyo nimeandika kila kitu hapa, soma taratibu, ukikwama nenda kwenye matatizo kule chini.

Nazungumzia katuni za kusoma, sio za kuangalia. Zile ambazo mtu anachora peji au kipande kimoja, anapandisha kwenye saiti yake, keshokutwa anapandisha kingine, hivyo hivyo mpaka miaka ishirini inapita na bado anachora. Kama umekua na gazeti la katuni la Sani mkononi, unamjua Ndumilakuwili na Lodi Lofa, utamu wa kumfuatilia mhusika toleo kwa toleo unaujua tayari. Hapa raha ya ziada ni kwamba la kwanza kabisa bado lipo, huna haja ya kumlilia mwenye meza ya magazeti akutafutie la zamani.

Majibu ya haraka haraka: ndiyo ni bure, kwa nyingi nitakazotaja hulipi hata mia. Za Kiswahili zilizodumu miaka na miaka mtandaoni ni za kutafuta kwa tochi, hizi za kwangu ni za Kiingereza, ila sio zote ngumu na nitasema ipi nyepesi ipi nzito. MB inategemea, tutafika.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu janja yoyote, hata hiyo ya bei ya chini. Kompyuta sio lazima.
- Brauza ya kawaida, Chrome au Firefox. Opera Mini nayo inafaa ila ina jambo lake, nimelieleza mwisho.
- Bando. Kipande kimoja cha xkcd (katuni fupi nitakayoieleza hatua ya 2) mara nyingi hakifiki hata KB 100, kwa hiyo MB 50 zinakupeleka mbali sana. Webtoon, appu ya katuni tutakayoifikia hatua ya 3, ni habari nyingine, kipindi kimoja kinaweza kula MB kadhaa kwa sababu ni picha ndefu ya rangi kutoka juu mpaka chini, usiianze na bando la jero.
- Sehemu ya kuandika ulipofika. Notsi za simu zinatosha.
- Kamusi, au appu ya Google Lens kwa maneno yanayokushinda.

Visivyohitajika: kadi ya benki, kufungua akaunti, na hasa faili la APK (la kuingiza appu nje ya Play Store) ambalo mtu kakutumia WhatsApp akasema "hii ina katuni zote bure". Hilo futa.

Hatua ya 1: jijue kwanza wewe ni msomaji gani

Usianze kwa kuuliza ipi ni nzuri kuliko zote, swali hilo ndo linalowapoteza watu. Wanapewa ile inayosifiwa zaidi, wanakuta peji elfu tano, wiki ya pili wameacha. Jiulize vitu vitatu: unataka kucheka dakika moja ukiwa foleni ya benki, au unataka hadithi moja ya kukushika miezi? Unavumilia kusubiri au unataka iliyokwisha isha? Na Kiingereza chako kinabeba kiasi gani bila kuumia kichwa? Hiyo ya tatu watu wanaiona aibu kujibu, usione aibu, hakuna anayekusahihisha.

Hatua ya 2: chagua moja, narudia moja

Hapa ndo penye utamu, nitakaa kidogo.

Ya kwangu namba moja ni Gunnerkrigg Court ya Tom Siddell wa Uingereza, ilianza Aprili 2005. Kama umepita bodingi utaingia nayo mapema sana. Binti anaitwa Antimony Carver anaanza shule ya bweni kubwa kupita kiasi, majengo utadhani kiwanda, na siku za mwanzo tu anagundua ana vivuli viwili. Kile cha pili sio chake, na kinataka kurudi kwao msituni ng'ambo ya daraja. Daraja lenyewe ni refu la kutisha, sisi wa kuvuka Kigongo kwenda Busisi tunaweza kulifikiria vizuri. Msichana anaunga roboti la kukisindikiza kivuli hicho, na kitu kidogo kama hicho cha sura ya kwanza kinakuja kuwa na uzito mkubwa miaka mbele. Kiingereza chake cha wastani, hakina matusi ya ovyo, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuisoma. Imegawanywa sura sura, ndo maana naipendekeza kwa mtu mpya, unamaliza sura unapumua.

Anayetaka kucheka tu, bila kukumbuka nani ni mtoto wa nani, namwelekeza xkcd. Inachorwa na Randall Munroe, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi NASA kwenye mambo ya roboti, tangu 2005, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Watu wake ni vijiti tu, hawana hata macho. Utani mwingi ni wa hesabu, fizikia, kompyuta na mapenzi yaliyoshindikana, vingine utapita bila kuelewa na hakuna hasara. Wale wa udaktari pale Bugando na wa kompyuta kule chuo cha SAUT wanaipenda sana, sijui kwa nini wengine wanaogopa. Mwaka 2013 alitoa kimoja kinaitwa Time, picha ikawa inabadilika yenyewe kwa miezi minne na kitu, jumla picha 3,099, watu wanakesha kusubiri vijiti viwili wajenge ngome ya mchanga ufukweni. Kichaa kabisa, ila kichaa kizuri.

Ya mtoto au ya mtu anayeanza Kiingereza: Pepper&Carrot ya David Revoy wa Ufaransa, tangu 2014. Msichana mchawi na paka wake, rangi nzuri mno, maneno machache, vipindi vifupi, na wasomaji wameitafsiri kwa lugha nyingi. Ushauri wa bure: huku kwetu uchawi hauongelewi kwa utani, kwa hiyo kabla hujampa mtoto simu mbele ya bibi yake mweleze bibi kwamba ni hadithi ya vichekesho, msichana anachemsha dawa zinamlipukia, basi. Ukimwacha aone mwenyewe juu juu utajibu maswali mpaka chakula kipoe.

Anayependa mambo makubwa, mashine za mvuke, vita, wanasayansi vichaa na mapenzi humo humo: Girl Genius ya Phil na Kaja Foglio, mume na mke. Ilianza kwa kuchapishwa 2001, Aprili 2005 wakaihamishia mtandaoni, Jumatatu Jumatano Ijumaa mpaka leo. Ilichukua tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi na za ajabu, upande wa hadithi za michoro, mara tatu mfululizo, 2009, 2010 na 2011, halafu wenyewe wakasema mwaka unaofuata wasiwekwe kwenye kinyang'anyiro, wengine nao wapate. Onyo: wahusika ni wengi kama harusi ya Usukumani, andika majina.

The Order of the Stick ya Rich Burlew, 2003, hii nayo vijiti. Mwanzo wake ni utani wa sheria za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao watu wanatupa dadu na kuigiza mashujaa, na kwa kuwa wengi hatujawahi kuucheza, vipande vya kwanza vinaweza kukuacha unatoa macho. Vumilia. Hadithi inakuja kukaa sawa na inakuwa na uzito ambao hukuutegemea kwa vijiti vile. Wasomaji wake mwaka 2012 walichangishana zaidi ya dola milioni 1.2 ili vitabu vyake vichapwe upya, sasa piga picha mtu anapendwa kiasi gani.

Questionable Content ya Jeph Jacques, 2003, inatoka siku za kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, imeshapita vipande 5,000. Marafiki, mgahawa wa kahawa, roboti wanaoishi na watu kama majirani. Ni ya watu wazima, mazungumzo ya mahusiano yamo wazi wazi, usimtumie mdogo wako wa darasa la sita.

Kevin & Kell ya Bill Holbrook naitaja kwa heshima ya umri. Ipo tangu Septemba 1995, wakati huo wengi wetu intaneti tulikuwa hatujaisikia hata kwa jina. Sungura kaoa mbwa mwitu, na wanalea watoto kwenye dunia ambayo kuliwa ni jambo la kawaida ofisini. Kwa sisi tuliolala na hadithi za sungura na fisi inachekesha kwa namna ambayo nadhani hata mwenyewe Holbrook hakuipanga.

Hutaki kusubiri? Chukua iliyokwisha. Schlock Mercenary ya Howard Tayler ilianza tarehe 12 Juni 2000 ikafungwa 24 Julai 2020, kila siku ya Mungu, miaka ishirini, wanajeshi wa kukodiwa angani. Au Stand Still. Stay Silent ya Minna Sundberg, 2013 mpaka 2022, dunia imemalizwa na ugonjwa, waliobaki ni watu wachache wa nchi za kaskazini ya Ulaya na wanatuma kikundi kidogo kwenda kuchungulia huko kulikokufa. Michoro yake ni ya kusimamisha mtu. Kitu nilichokipenda, wahusika hawaelewani lugha, na mchoraji anaweka kibendera kidogo kuonyesha nani anaongea lugha gani, sisi tunaochanganya Kisukuma na Kiswahili sentensi moja tunaijua shida hiyo. Usijisumbue kukariri watu wa utangulizi, baada yao hadithi inaruka miaka tisini.

Homestuck ya Andrew Hussie utaisikia sana, 2009 mpaka 2016, zaidi ya peji 8,000. Nzuri, lakini kwa mtu mpya mwenye simu nasema hapana. Sehemu zake nyingi zilitegemea Flash, programu ya zamani ya kuchezesha picha kwenye brauza, na Flash ilizimwa mwisho wa 2020, unaweza kukuta vipande vimekatika. Hiyo weka mpaka upate kompyuta.

Hatua ya 3: ingia kwenye saiti yenyewe

Andika jina la katuni na jina la mchoraji pamoja kwenye Google, kisha angalia anwani kabla ya kubonyeza. xkcd ni xkcd.com, Gunnerkrigg ni gunnerkrigg.com, Pepper&Carrot ni peppercarrot.com. Saiti za wizi zinapenda kukaa juu juu kwenye majibu, zinanakili picha, zinabana ubora, zinaruka peji, na kila ukibonyeza mbele linafunguka tangazo la kamari. Ukiona linki inakwambia "simu yako ina virusi vitano", ujue umeshapotea njia, toka.

Za kwenye Webtoon zina appu yake kwenye Play Store na ndo njia safi. Zimechorwa kushuka chini chini kwa kidole, simu inazipenda. Tower of God ndo mkongwe wa kule, Korea ilianza 2010, Kiingereza 2014. Jua tu kwamba baadhi ya vipindi appu inavifunga, inakupa kimoja kwa siku au ununue kwa koini. Subiri tu, usinunue koini wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: rudi mwanzo kabisa

Hili ni kosa la watu wengi kuliko yote. Saiti ya katuni ukiifungua inakuonyesha peji ya leo, sio ya kwanza. Unaingia Girl Genius unakuta watu sita wanapigana kwenye ngome, hujui nani adui, unasema hii mbovu. Ni sawa na kuingia msibani siku ya arobaini ukauliza marehemu alikuwa nani.

Chini au juu ya picha tafuta kitufe kilichoandikwa First, au vimshale viwili vinavyoangalia kushoto, au alama ya |<. Ukikosa, tafuta neno Archive, hapo utakuta orodha ya sura au tarehe, chagua ya juu kabisa au ya chini kabisa kutegemea wamepanga vipi, angalia mwaka.

xkcd peke yake haina ulazima huo. Kule bonyeza Random, cheka, bonyeza tena. Na usisahau maneno yaliyofichwa: kila kipande kina utani wa pili ambao kwenye kompyuta unatokea ukiweka mshale juu ya picha. Kwenye simu tumia m.xkcd.com, kuna sehemu ya kubonyeza imeandikwa alt-text. Kuna watu wameisoma miaka bila kujua hilo, na nusu ya ucheshi uko pale.

Hatua ya 5: jipe kipimo kabla ya kuhukumu

Mchoraji wa 2003 sio yule wa leo. Fungua Questionable Content ya kwanza kisha fungua ya sasa, huwezi kuamini ni mkono mmoja. Gunnerkrigg hivyo hivyo, mwanzo vichwa vikubwa vya ajabu, baadaye michoro inanyooka mpaka raha. Kwa hiyo ukiona mistari mibovu mwanzoni usikimbie.

Kipimo changu: za hadithi soma sura tatu, za vipande vifupi soma mia hivi. Baada ya hapo kama moyo haujashtuka acha, chagua nyingine kwenye orodha. Kuna watu wanasema "vumilia mpaka kipande cha elfu ndo inakuwa tamu". Mimi sikubaliani, kitu cha kujifurahisha hakina haja ya kuvumiliwa hivyo. Nimetoa nafasi ya kuvumilia Order of the Stick kwa sababu huko kuvumilia ni kwa vipande vichache tu.

Hatua ya 6: weka alama ulipofika

Kwenye Chrome bonyeza vidoti vitatu, kisha ile nyota. Kila ukimaliza kusoma weka nyota mpya na futa ya zamani, usipofuta utakuwa na nyota arobaini za katuni moja na hujui ipi ya jana. Njia ya kizamani ni salama zaidi: andika kwenye notsi jina, sura na namba ya peji. Simu ikiibiwa Buzuruga stendi nyota nazo zimeenda, isipokuwa kama uliunganisha akaunti ya Google, notsi unaweza kumtumia hata mtu mwingine akutunzie.

Usitegemee kuacha tabu wazi. Simu ya RAM ndogo inaifunga yenyewe, unarudi unakuta peji ya leo inakuharibia hadithi.

Hatua ya 7: soma kwa dozi, na pakua kabla ya safari

Sura moja usiku inatosha. Anayemeza peji mia tatu kwa usiku mmoja asubuhi hakumbuki kitu, na bando limeisha. Kama mtandao wako una kifurushi cha usiku, ndo muda wa kupakua.

Kupakua kwenye Chrome: fungua peji, vidoti vitatu, bonyeza kimshale kinachoangalia chini. Peji inakaa kwenye Downloads na utaisoma bila data. Fanya hivyo kwa peji za sura moja au mbili kabla hujapanda meli ya kwenda Nansio, maana ni masaa matatu na zaidi majini, na mtandao katikati ya ziwa unakuja na kupotea. Peji uliyopakua haina mbele na nyuma, ukibonyeza Next bila data haiendi popote, kwa hiyo pakua kila peji unayoitaka, moja moja. Inachosha kidogo. Appu ya Webtoon yenyewe inaruhusu kupakua vipindi kwa pamoja, hapo imewazidi wengine.

Strip pana za kulala, kama za Schlock, geuza simu ilale. Usizisome zikiwa zimesimama, macho yatakuuma bure.

Hatua ya 8: ukiifikia peji ya leo

Hapa watu wanapata kama huzuni hivi, umezoea kubonyeza mbele kila siku, ghafla hakuna mbele. Angalia ratiba ya mchoraji, mara nyingi imeandikwa hapo hapo kwenye saiti. Kumbuka wengi wako Marekani na Ulaya, sisi tunawatangulia masaa, peji ya Jumatatu ya Marekani inaweza kukufikia Jumatatu jioni au hata Jumanne ukiamka. Usikae unarifreshi asubuhi.

Kama unafuatilia zaidi ya mbili, weka appu ya kusoma RSS, zipo za bure Play Store. Unaipa anwani ya saiti, ikitoka peji mpya inakuletea. xkcd na nyingine nyingi za zamani zina RSS. Ni nyepesi kuliko kufungua saiti saba kila siku kuangalia nani kaposti.

Kusapoti wachoraji ni hiari. Wengi wanaishi kwa Patreon (saiti ya wasomaji kumchangia mchoraji), vitabu na matangazo. Kama huna cha kutuma, kuisoma kwenye saiti yake mwenyewe badala ya ya wizi tayari umemsaidia.

Hatua ya 9: kumwonjesha mwenzio

Ukishapenda utataka kusambaza, ni kawaida, ila fanya kwa akili. Usimtumie mtu orodha ya katuni kumi, hatafungua hata moja. Muulize yale ya hatua ya kwanza, mtumie linki moja, tena linki ya peji ya kwanza na sio ya saiti tu.

Kutuma picha kwenye magrupu: xkcd ina leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kusambaza mradi hufanyi biashara na unamtaja mwenyewe. Pepper&Carrot imelegezwa zaidi, unaruhusiwa hata kuitafsiri Kiswahili, kuichapa kwenye stationari ya Malimbe na kuiuza, mradi jina la David Revoy libaki. Kwa nini hakuna kijana wa hapa Mwanza anafanya hilo kwa shule za msingi mimi sielewi. Zilizobaki, tuma linki, usipakue sura nzima ukaimwaga kwenye grupu.

Ukikwama

Maandishi yana ukungu, hayasomeki. Kama unatumia Opera Mini, nenda kwenye seti zake za kuokoa data, ubora wa picha utakuwa umewekwa chini, panda juu. Inabana picha ili kuokoa MB, kwa habari ni sawa, kwa katuni inakula herufi. Kama ni Chrome, gandamiza picha kwa kidole na uifungue kwenye tabu yake yenyewe, hapo unaweza kuivuta ikue.

Utani siuelewi kabisa. Kwa xkcd kuna explainxkcd.com, wasomaji wameeleza kipande kimoja kimoja, hadi vile vya hesabu. Kwa nyingine pita tu, hadithi itakubeba.

Kiingereza kinanishinda. Piga skrinshoti, ifungue na Google Lens, chagua kutafsiri. Itakupa maana ya jumla, utani wenyewe mara nyingi unakufa njiani. Ukiona unatafsiri kila kibonzo, hamia Pepper&Carrot kwanza.

Nimepoteza nilipofika. Fungua historia ya brauza, tafuta jina la saiti. Kama ulisoma kwa dirisha la siri hakuna historia, hapo ingia Archive uangalie majina ya sura mpaka ukumbuke.

Mchoraji kanyamaza wiki kadhaa. Soma maneno yaliyo chini ya picha ya mwisho, huwa wanaandika. Wanaumwa, wanauguza, wanachoka mikono. Tower of God yenyewe ilisimama katikati ya 2020 ikarudi 2021. Order of the Stick haina siku maalum, inatoka ikitoka.

Saiti imekufa, haifunguki kabisa. Jaribu kwanza kwa data ya mtandao mwingine, inawezekana ni laini yako. Ikigoma, nenda web.archive.org, bandika anwani ya saiti, chagua mwaka kwenye kalenda kisha tarehe yenye kiduara. Inafunguka pole pole na picha nyingine hazitatokea, hapo rudi ujaribu tarehe ya jirani.